Dickinson Yupi? Mwongozo Kamili wa Kuwatofautisha Waandishi wa Katiba na Washairi Wenye Jina Moja la Ukoo

Kijana wa kidato cha tatu aliniletea insha yenye sentensi hii: "Dickinson, mshairi maarufu, alitia saini Katiba ya Marekani mwaka 1787." Nikamuuliza, Dickinson yupi? Akanitazama kama niliyemuuliza jua lipi. Kwake yeye Dickinson alikuwa mmoja tu, yule mwanamke wa Amherst aliyetunga mashairi mafupi yenye vistari vingi. Jina hilohilo akalikuta kwenye orodha ya majina 39 yaliyo chini ya Katiba, basi akaunganisha. Emily Dickinson alizaliwa tarehe 10 Desemba 1830, miaka 43 baada ya wino wa Katiba kukauka.

Kosa hili si la watoto peke yao. Nimelikuta kwenye maswali ya chemsha bongo, kwenye vitini vya walimu na kwenye makala za watu wazima wenye shahada. Mimi mwenyewe nimelifanya, tena kwa majina ya kwetu, na hapo ndipo linapouma zaidi. Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandika habari za watu: mwalimu anayetayarisha somo, mkutubi anayepanga kadi, mtafsiri, mtunzi wa maswali. Nitatumia majina matatu ya Marekani, Dickinson, Morris na Johnson, kwa kuwa kila moja lina mtego wake. Kisha tutarudi Mvita, yaani Mombasa, ambako mtego ni wa aina nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Ujue jina hilo ni la aina gani

Kabla hujatafuta nani ni nani, lichunguze jina lenyewe. Johnson ni mwana wa John. Dickinson ni mwana wa Dickin, na Dickin ni Richard aliyefupishwa kwa mapenzi, kama sisi tunavyomwita Mohamedi "Mudi". Morris limetokana na Maurice, jina la mtu. Zamani majina haya yalifanya kazi ileile ambayo "bin" inaifanya kwetu, yaani kukuonyesha baba ni nani. Kilichotokea Uingereza ni kwamba bin iliganda. Mjukuu wa John akaendelea kuitwa mwana wa John hata kama baba yake aliyemzaa ni Peter, na wajukuu wa wajukuu wakalibeba hivyohivyo hadi ng'ambo ya bahari.

Sasa fikiria ni vijiji vingapi vya Uingereza vilikuwa na mtu aitwaye John. Kila kijiji kilizaa akina Johnson wake, na hawakuwa na damu moja. Huko Marekani mambo yaliongezeka tena: familia nyingi za watu weusi zilitoka utumwani zikiwa na majina ya waliowamiliki, au yale waliyojichagulia wenyewe baada ya kuachiwa huru. Ukikuta akina Johnson wawili Marekani, usiseme ni ndugu mpaka ushahidi uje wenyewe na miguu yake.

Sheria ndogo ya hatua hii: majina yaliyoganda yanakudanganya kwa kukuonyesha undugu usiokuwapo. Majina ambayo bado yanatembea, kama ya kwetu, hufanya kinyume, yanauficha undugu uliopo. Shika hilo, tutalihitaji huko mbele.

Hatua ya 2: Mfungulie kila mtu kadi yake

Chukua karatasi ngumu au fungua faili. Kila mtu apate kadi yake, hata kama una hakika ni mmoja. Andika jina lake lote kama linavyoandikwa kwenye kazi zake, mwaka na mahali alipozaliwa, mwaka aliokufa, mahali alipofanyia kazi, na kitendo kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekifanya. Kitendo hicho ndicho msumari wa kadi. "Mwanasiasa" si msumari, wala "mshairi". Msumari ni kitu kama "alikataa kutia saini Tangazo la Uhuru la 1776, lakini jina lake limo kwenye Katiba ya 1787". Huyo ni John Dickinson, na hakuna wa kumgombania.

Tuzijaze mbili. John Dickinson alizaliwa Maryland mwaka 1732, akasomea sheria London, akaishi na kufanya siasa Delaware na Pennsylvania, akafa Wilmington mwaka 1808. Mwaka 1767 alianza kuchapisha barua 12 za "mkulima wa Pennsylvania" zilizopinga kodi za Waingereza. Mwaka 1776 ndiye aliyeandika rasimu ya mkataba wa shirikisho uliotangulia Katiba. Emily Dickinson naye alizaliwa Amherst, Massachusetts, akafa papo hapo Amherst tarehe 15 Mei 1886. Aliacha karibu mashairi 1,800, na katika uhai wake yalichapishwa kama 10 tu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1890, yeye akiwa kaburini miaka 4.

Kadi hizi mbili ukiziweka mezani sambamba, ile sentensi ya kijana wangu inajifuta yenyewe.

Usisahau kufungua kadi ya tatu, ya wajina anayesubiri pembeni. Kwa Dickinson wapo angalau wawili. Wa kwanza ni Edward, baba yake Emily, mwanasheria aliyekaa kwenye Bunge la Marekani kuanzia 1853 hadi 1855. Ukisoma "Dickinson, mwanasheria na mwanasiasa", inaweza kuwa yeye na si John. Wa pili ni Fairleigh Dickinson, mfanyabiashara wa vifaa vya hospitali, ambaye chuo kikuu kimoja cha New Jersey kina jina lake. Chuo cha Dickinson kilichopo Carlisle, Pennsylvania, kilichopata hati yake mwaka 1783, ni cha John. Wapo wanaokwenda pale wakitafuta nyumba ya Emily. Nyumba yake iko Amherst, jimbo jingine kabisa.

Hatua ya 3: Pima miaka kwanza, mengine baadaye

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu hawezi kushiriki jambo lililotokea kabla hajazaliwa au baada ya kufa, basi. John alikufa 1808, Emily akazaliwa 1830. Kati yao kuna miaka 22 mitupu. Hawakuwahi kuvuta hewa ya siku moja.

Shida inakuja pale miaka inapopandana. Samuel Johnson wa Uingereza, mshairi na mtunga kamusi, aliishi 1709 hadi 1784. William Samuel Johnson wa Connecticut, mwanasheria aliyeongoza kamati ya kusawazisha lugha ya Katiba ya Marekani, aliishi 1727 hadi 1819. Mmoja ana "Samuel" mwanzoni, mwingine katikati, na wote ni Johnson. Kama hiyo haitoshi, baba yake huyu wa Connecticut aliitwa Samuel Johnson vilevile, na ndiye mkuu wa kwanza wa chuo kilichokuja kuitwa Columbia, chuo ambacho mwanawe naye alikiongoza baadaye. Na wale wawili, mshairi na mwanasheria, walikutana ana kwa ana London, wakaandikiana barua. Hapo kipimo cha miaka pekee hakikufikishi popote. Itakubidi utumie mahali na msumari.

Halafu kuna Johnson mwingine anayewachanganya wasomaji wa Emily Dickinson. Ukiona shairi lake limetajwa kwa herufi J na namba, hiyo J ni ya Thomas H. Johnson, aliyehariri mashairi yake yote na kuyapa namba mwaka 1955. Huyu hakuandika katiba wala shairi. Nimeshuhudia mtu akimtaja kama mshairi mwenza wa Emily. Mhariri naye ana haki ya kadi yake.

Hatua ya 4: Chambua kitenzi

Hapa ndipo penye nyama, kwa hiyo tukae kidogo.

Neno "mwandishi wa katiba" tunalitumia kiholela. Aliyehudhuria mkutano, aliyeandika rasimu, aliyesawazisha lugha, aliyepiga kura na aliyetia saini wote tunawatia kwenye kapu moja. Katika Philadelphia mwaka 1787 walihudhuria wajumbe 55, yakaandikwa majina 39. Waliokamata kalamu kweli ni wachache zaidi: kamati ya watu 5 iliyoandaa rasimu ya kwanza, na kamati nyingine ya watu 5 iliyoipa lugha yake ya mwisho. Katika kamati hiyo ya pili, aliyekaa na kuandika hasa ni Gouverneur Morris. Rasimu aliyopokea ilikuwa na vifungu 23, yeye akavifanya 7. Utangulizi uliokuwa ukitaja majimbo moja moja kwa majina, akaubadilisha ukawa wa watu wa Marekani wote kwa pamoja. James Madison alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba umaliziaji wa lugha ile ulikuwa wa kalamu ya Morris. Kwa huyu unaweza kuandika "aliandika" bila wasiwasi.

Kwa John Dickinson kitenzi ni kigumu. Mkataba wa shirikisho wa 1776, rasimu yake aliiandika. Katiba ya 1787, alikuwa mjumbe. Je, aliitia saini? Jina lake lipo, katika kundi la Delaware, limesomeka vizuri. Lakini lile si mwandiko wake. Aliugua, akaondoka Philadelphia kabla ya tarehe 17 Septemba, akamwandikia mjumbe mwenzake George Read amwandikie jina. Read akaandika lake na la Dickinson. Kwa hiyo majina ni 39, mikono ni 38. Sentensi sahihi ni hii: "Jina la John Dickinson liliandikwa kwenye Katiba na George Read kwa ombi lake." Ni ndefu kidogo kuliko "alitia saini", lakini inastahili urefu huo.

Ukitaka mfano wa nyumbani, angalia Tanzania. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba likaifumua, na Kamati ya Uandishi iliyoongozwa na Andrew Chenge ndiyo iliyoandika Katiba Inayopendekezwa. Sasa ukiandika "Warioba aliandika katiba", unamaanisha ipi? Kenya nayo ina tume ya Yash Pal Ghai, mkutano wa Bomas, rasimu iliyokataliwa kwenye kura ya maoni ya Novemba 2005, kisha Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, ambayo kazi yake ilizaa katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Kila hatua ina watu wake. Kwenye kadi andika hatua, usiandike "katiba" peke yake.

Upande wa washairi kitenzi kinataka uangalifu uleule. Aliyetunga, aliyekusanya, aliyehariri na aliyeimba ni watu wanne. Juma Bhalo unayemsikia kwenye taarabu za zamani za Mombasa ni Mohamed Khamis, mwimbaji, aliyefariki 2014. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, ambaye naye jina lake kamili ni Ahmad Nassir Juma Bhalo. Ukiandika "shairi la Juma Bhalo" umewachanganya mtunzi na sauti yake.

Hatua ya 5: Usishangae mtu mmoja akivaa kofia mbili

Baada ya kuwatenganisha watu kwa bidii hivyo, utaingia kwenye kishawishi cha kudhani kwamba mwandishi wa katiba na mshairi ni lazima wawe watu wawili. Si lazima. John Dickinson, mwanasheria mkavu yule, mwaka 1768 alitunga maneno ya wimbo uitwao The Liberty Song, uliochapishwa kwenye magazeti na kuimbwa mitaani kwa mahadhi ya wimbo wa wanamaji wa Kiingereza. Mstari wake mmoja unasema kwa kuungana tunasimama, kwa kugawanyika tunaanguka. Sisi tulioimba shuleni kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo "Dickinson, mshairi, ambaye jina lake limo kwenye Katiba" ni sentensi inayoweza kutetewa! Kijana wangu angekuwa na bahati kidogo tu, angepata alama kwa kukosea. Hata hivyo nisingemwita John mshairi. Wimbo mmoja wa kisiasa haumfanyi mtu malenga. Kwenye kadi yake ningeandika "mwanasheria na mwanasiasa; alitunga pia maneno ya wimbo wa kupinga kodi, 1768". Hayo ni maoni yangu, na wewe una haki ya kuwa na yako, mradi uandike mwaka na wimbo wenyewe.

Kwetu kofia mbili ni jambo la kawaida zaidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, kisha akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Mtu anayepanga kadi kwa kutazama neno "sheria" tu angemweka rafu isiyo yake.

Hatua ya 6: Undugu uthibitishwe, usinuswe

Jina la Morris ndilo shule nzuri ya hatua hii. Kwenye Katiba ya 1787 kuna akina Morris wawili, Robert na Gouverneur, wote kutoka ujumbe wa Pennsylvania, wote waliwahi kufanya kazi pamoja kwenye fedha za serikali. Kila kitu kinapiga kelele kwamba ni ndugu. Si ndugu. Robert alizaliwa Liverpool, Uingereza. Gouverneur alizaliwa Morrisania, mahali ambapo leo ni sehemu ya Bronx, New York, katika ukoo wa wenye mashamba makubwa.

Gouverneur alikuwa na kaka yake wa baba mmoja, Lewis Morris, ambaye alitia saini Tangazo la Uhuru mwaka 1776. Andika kadi. Sasa tafuta "Lewis Morris mshairi" na utawapata wawili, wote wa Wales: mmoja wa 1701 hadi 1765, aliyeandika kwa Kiwelishi, na mwingine Sir Lewis Morris wa 1833 hadi 1907, aliyeandika kwa Kiingereza. Bado wapo William Morris wa Uingereza, mshairi na fundi wa mapambo aliyekufa 1896, na George Pope Morris wa Marekani, aliyetunga lile shairi la kumsihi mkata miti auache mti. Ukiwapanga akina Lewis wote chini ya "Morris, L." kwa herufi ya kwanza tu, umejenga nyumba ya wageni wasiojuana, tena umewapa kitanda kimoja.

Ushahidi wa undugu unaokubalika ni wasia, hati ya ndoa, daftari la ubatizo, barua ya mmoja anayemtaja mwingine kama ndugu, au wasifu uliotafitiwa unaotaja ukoo kizazi kwa kizazi. Kufanana kwa jina, mji na kazi si ushahidi, hata vikija vyote vitatu. Akina Morris wa Pennsylvania wametufundisha. Alama za "Jr." na "Sr." nazo usiziamini upesi. Gunning Bedford Jr. wa Delaware, aliyetia saini Katiba, huchanganywa na binamu yake Gunning Bedford Sr., aliyekuwa gavana wa jimbo hilohilo. Sr. yule si baba yake.

Na tukiwa kwenye magavana: Gouverneur si cheo. Ni jina la ukoo wa mama yake, Sarah Gouverneur. Nimeona tafsiri ya Kiswahili ikimwita "Gavana Morris". Hakuwahi kuwa gavana. Babu yake, Lewis Morris mwingine tena, ndiye aliyekuwa gavana wa New Jersey. Ukitafsiri, jina la mtu liache kama lilivyo.

Hatua ya 7: Ukifika kwetu, geuza mbinu

Sasa ile sheria ya hatua ya kwanza. Majina yetu ya mwisho mengi bado ni bin inayotembea. La mwisho ni la baba, au babu, na kizazi kinachofuata linabadilika. Waacholi wa Uganda wanaye Okot p'Bitek. Ile p' inasema Okot wa Bitek. Binti yake, mshairi Juliane, akatumia Okot Bitek. Mkutubi anayelazimisha "jina la ukoo" hapo ataandika kitu ambacho familia yenyewe haikijui.

Tuchukue Nassir. Anzia Pate, ambako Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Nasir kwake ni babu. Kisha shuka Mombasa ya karne ya 20. Ahmad Nassir, mshairi, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka 1971. Sheikh Abdilahi Nassir, mwanazuoni, ambaye ujanani alikuwa mwanasiasa wa Mwambao na alihudhuria mkutano wa katiba ya Kenya uliofanyika Lancaster House, London, mwaka 1962. Una mshairi wa Pate, mshairi wa Mombasa na mjumbe wa mkutano wa katiba. Kwa mtindo wa Kizungu wote watatu wanaingia kwenye rafu ya "Nassir", na msomaji ataondoka akiamini ni ukoo mmoja.

Ahmad na Abdilahi ni ndugu kweli. Yule wa Pate aliishi karne mbili nyuma na Nasir wake ni mtu mwingine. Halafu ndugu yao wa tatu hayumo kwenye rafu hiyo kabisa, kwa sababu anaitwa Abdilatif Abdalla. Ndiye aliyefungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa waraka wa "Kenya: Twendapi?", akatunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki. Rafu ya Nassir imemkaribisha mgeni, ikamfungia nje mwenye nyumba. Hili ndilo kosa nililosema nililifanya mimi: niliandika makala juu ya ushairi na siasa za Mombasa, nikampa msomaji Nassir wawili na Abdalla mmoja bila kusema ni nyumba moja. Mzee mmoja wa Kibokoni alinisuta kwa upole, na upole wa watu wa Mji wa Kale unachoma kuliko kelele.

Na ukishampeleka Abdilatif kwenye rafu ya "Abdalla", ujue anakaa karibu na Abdirashid Abdullahi, mjumbe wa ile Kamati ya Wataalamu ya Kenya. Abdalla, Abdallah, Abdulla na Abdullahi ni jina moja la Kiarabu lililopita kwenye midomo mbalimbali. Mashine ya kutafutia mtandaoni inaweza kukuletea wote kwa mpigo. Kati ya mshairi na mwanasheria huyu, kufanana kwa jina hakuna linalothibitisha.

Kwa majina ya kwetu, basi, fanya hivi. Kadi ifunguliwe kwa jina la kwanza: Abdilatif Abdalla akae kwenye A ya Abdilatif, Muyaka bin Haji kwenye M. Shaaban Robert akae kwenye S. Maktaba nyingi zimemwandika "Robert, Shaaban", na mwanafunzi anayemtafuta kwenye S anarudi mikono mitupu. Kama mfumo wa ofisi yako unalazimisha jina la mwisho litangulie, tii mfumo, lakini weka kadi ya pili inayoelekeza: "Shaaban Robert, tazama Robert." Andika pia tahajia zote unazozijua, Nasir, Nassir, Nassor, Shaban, Shaaban, na nisba kama ipo, yaani jina la mahali au kabila alikotoka mtu, kama al-Mombasi, al-Ghassaniy. Kisha kwenye mstari wa "ndugu" taja watu kwa majina kamili, kwa maana kwetu undugu hausomeki kwenye jina. Na uulize. Mji wa Kale, Lamu, Pate, Tanga, bado wapo watu wanaoweza kukuhesabia nasaba vizazi saba wakiwa wamekaa barazani. Nenda na heshima zako, usiende na fomu.

Hatua ya 8: Andika maelezo yatakayomsimamisha msomaji mahali pake

Ukishamaliza kadi, kuandika ni kazi ndogo. Chini ya jina moja panga watu kwa mwaka wa kuzaliwa. Umaarufu usiutumie kupangia, maana leo huyu, kesho yule. Kila mtu apate mstari mmoja wenye jina kamili, miaka, mahali na msumari:

Morris, Lewis (1726–1798), New York. Alitia saini Tangazo la Uhuru la Marekani. Kaka wa baba mmoja wa Gouverneur.

Morris, Gouverneur (1752–1816), alizaliwa New York, mjumbe wa Pennsylvania. Aliandika lugha ya mwisho ya Katiba ya 1787. Hana undugu na Robert Morris.

Morris, Sir Lewis (1833–1907), Wales. Mshairi.

Angalia kwamba "hana undugu" nimeliandika mahali pamoja tu, pale ambapo msomaji angedhani upo na mimi nina hakika haupo. Pale usipokuwa na hakika, nyamaza. Mstari mtupu hauna dhambi.

Ndani ya makala, mtaje mtu kwa jina kamili mara ya kwanza katika kila sehemu, hata kama umeshamtaja ukurasa uliopita. Baada ya hapo, kwa Wamarekani tumia jina la mwisho ikiwa yuko peke yake, na jina la kwanza wakiwa wawili, kama nilivyofanya kwa John na Emily. Kwa watu wa kwetu tumia lile wanaloitwa nyumbani na barazani: Abdilatif, Shaaban, Sheikh Abdilahi. Kuandika "Abdalla anasema" kwa kumtaja Abdilatif ni kumsemesha baba yake.

Kabla ya kuchapa, mpe rasimu mtu asiyejua habari hiyo kabisa. Mwombe apige mstari chini ya kila jina la watu, kisha akuambie umetaja watu wangapi. Akisema sita na wewe unajua ni wanane, rudi kwenye kadi. Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye ninayempa za kwangu siku hizi. Wiki iliyopita alinirudishia moja ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Johnson yupi?"